Udi Wangu Haukuua Laptopu Yako

Mwanangu, mshale unatembea. Laptopu yako ni nzima, tena nzima kabisa, na udi wangu haukuiua. Nimeona kwa macho yangu haya juu ya meza ya fundi, Mtaa wa Aggrey, Jumanne asubuhi. Na wewe ulilijua hilo siku zote.

Haya, sasa salamu. Mpendwa mwanangu Kidawa, hujambo huko uliko. Mimi mama yako sijambo, presha ipo lakini si umeizoea. Nakuandikia gazetini kwa sababu simu yako haipatikani wiki ya tatu sasa, na barua niliyotuma kwenye ile anuani ya Arusha, uliyosema ndiko unakofanya mafunzo ya vitendo, imerudi ikiwa na muhuri mgongoni. Jina lako la shule nimelificha, nakuita la nyumbani. Majirani wasikutie hofu, wao gazeti kazi yake ni kufungia vitumbua. Wewe ndiye huwezi kupita mbele ya gazeti bila kusoma ukurasa wa barua. Nani akujue kama mimi niliyekuzaa?

Kusoma kwenyewe si ulijifunzia mezani kwangu. Soko huria ndiyo kwanza limefunguliwa, kiwandani tumepunguzwa, kila mwanamke aliyekuwa kwenye mashine za nguo anatafuta pembe ya kuweka meza. Mimi nikapata yangu Mtaa wa Sikukuu, udi, ubani na marashi. Wewe ulikuwa hujaanza shule. Nilikuwa nafungia udi kwenye vipande vya magazeti ya zamani, na wewe unakaa chini ya meza unasoma vile vipande kabla sijafunga. Mteja anataka udi wake aende, wewe unamwambia, "Ngoja kwanza, sijafika mwisho." Watu wakacheka, wakaongeza na kipande kingine. Nikawa nasema kwa yeyote anayepita, mtazameni huyu, huyu atafika chuo kikuu. Mimi niliyeishia darasa la saba nikasema hivyo, na ukafika. Barua yako ya kuchaguliwa nilitembea nayo kwenye mkoba hadi ikachanika kwenye mikunjo. Nikaenda nayo sokoni, msikitini, hospitali. Daktari ananipima presha, mimi namwonyesha barua.

Unakumbuka siku laptopu ilipoingia nyumbani? Mama Bhavna, yule Mhindi wa Kisutu ninayechukua kwake sandali ya kupikia udi, mwanawe alikuwa ameletewa mpya kutoka Dubai, ile aliyokuwa akiitumia akaniachia mimi. Niliibeba ndani ya khanga kutoka Kisutu mpaka nyumbani, nikapita nayo katikati ya Mnazi Mmoja nimeikumbatia kama mtoto mwenye homa. Kufika tu, nikawasha mkaa, nikatia udi niliopika kwa mkono wangu, nikaizungushia chetezo mara tatu kuikinga na jicho la hasidi. Ukacheka mpaka ukakaa sakafuni.

"Mama, hii siyo bibi harusi."

Nikakwambia bibi harusi akiharibika huwa anarudi kwao, hii ikiharibika tutairudisha wapi. Ukanionyesha ile sehemu ya kutelezesha kidole, mnayoita tachipadi, ukanishika kidole changu hiki chenye alama ya kuungua, ukakipitisha pale na mshale ukakimbia juu ya kioo. Nilitamani kulia, nikajifanya moshi umeniingia machoni. Tangu hapo kila Ijumaa nikiifukizia nyumba, na laptopu inapata fungu lake. Hukunikataza hata siku moja.

Halafu ikaja ile Ijumaa ya wageni.

Walikuja wanawake watano wa kikundi changu kupanga sare ya khanga kwa ajili ya mahafali yako. Na mimi unanijua, sikuweza kunyamaza. Nikawaambia mahafali watayaona baadaye, leo wataona kazi yenyewe, kazi kubwa ya kumalizia chuo ambayo mwanangu anaiandika humo ndani. Nikakuita. Ukaja, ukafungua laptopu juu ya meza, wote wakajipanga nyuma yako. Vidole vyako viwili vikashuka kwenye kibodi, kimoja pembeni chini, kimoja safu ya juu, upesi kama mtu anayepiga kinanda. Nikamgusa Mama Asha kiwiko, nikamnong'oneza, tazama vidole hivyo.

Kidawa, nilivisifia vidole hivyo. Kumbe ndipo vilipokuwa vinazima.

Ukatelezesha kidole, mshale ukakaa kimya. Ukatelezesha tena. Ukaizima laptopu, ukaiwasha, ukaifuta kwa ncha ya mtandio wako, ukapuliza. Kisha ukageuka, ukatazama chetezo changu pale pembeni kikiwa bado kinafuka.

"Ni moshi, mama. Moshi wa udi umeingia ndani."

Mama Asha akaguna, akasema taratibu kwamba na yeye siku zote alikuwa akijiuliza kama umeme na udi vinapatana. Nikachukua chetezo, nikakipeleka uani, nikakimwagia maji. Ule mlio wa mkaa unazimika bado ninao masikioni.

Toka siku hiyo sikufukiza tena. Miezi minne, Kidawa. Nyumba yetu, ambayo mtu alikuwa akiifuata kwa pua tangu kona ya mtaa, ikawa inanuka mafuta ya taa na samaki kama nyumba ya mpangaji asiye na mwenyewe. Mdogo wangu alijifungua, nikaenda kumwona mtoto mikono mitupu, muuza udi mzima. Hata mezani nikawa nawaonya wateja. Anakuja dada amevaa vizuri anachagua udi wa chumbani, namuuliza, nyumbani una kompyuta? Akisema ndiyo, namwambia uweke mbali, wangu uliua ya mwanangu. Wewe umewahi kuona mfanyabiashara anayefukuza wateja wake kwa mdomo wake? Basi ndiye mama yako huyo.

Ukawa unaniambia kazi ya chuo imekwama kwa sababu ya ile tachipadi, na mimi najua mkosaji ni nani. Nikafikiria kuuza bangili zangu nikununulie nyingine, ukasema usiuze mama, nitajua la kufanya. Nikasema tuipeleke kwa fundi, ukasema mafundi wa Kariakoo wataiba vya ndani. Nikanyamaza, maana msomi ni wewe. Ulipoaga kwamba unakwenda Arusha na utarudi wakati wa mahafali, ukaiacha kabatini, eti ya nini kubeba kitu kilichokufa.

Aliyenifumbua macho ni Mama Bhavna. Wiki iliyopita nilikwenda kwake nikachukua sandali kidogo tu, akaniuliza mbona siku hizi nachukua kidogo, biashara mbaya? Nikamweleza yote. Alinisikiliza huku ameweka mkono kifuani, halafu akacheka, lakini cheko la huruma. Akanishika mkono, akaniingiza hadi ndani ya duka lake. Pale kwenye meza ya hesabu kuna picha ya mungu wao, mbele ya picha vijiti vya ubani vinafuka, na kando yake kompyuta imekaa kwenye moshi uleule.

"Mama Kidawa, kila asubuhi mimi nawasha hapa. Miaka mingi. Hii mashine haijapiga hata chafya."

Sikulala vizuri. Kulipokucha nikaitoa yako kabatini, nikaifunga kwenye khanga ileile, nikaenda Aggrey.

Nilichagua fundi mtu mzima mwenye miwani, aliyeanza na redio kaseti, maana hao wengine wanakuita masta wakati wewe ni mama yao. Nikamwambia mapema, hii ni ya mwanangu wa chuo kikuu, ishike kwa adabu. Akasema sawa, mama wa chuo kikuu, kaa hapo kwenye ndoo. Akaiwasha. Akapitisha kidole, kimya. Akachomeka mausi ya pembeni, ile yenye waya, mshale ukatembea, akasema basi roho ya mashine ni nzima, ugonjwa uko hapa kwenye padi tu. Nikamwambia ni moshi wa udi. Akanitazama juu ya miwani, akainamisha pua akanusa.

"Inanukia vizuri. Ila marashi siyo ugonjwa, mama."

Akatazama kibodi, akanionyesha kitufe cha safu ya juu chenye kapicha kadogo ka padi iliyokatwa kwa mstari. Akakibonyeza pamoja na kile cha pembeni chini, vidole viwili. Akauvuta mkono wangu, akaniambia, haya pitisha wewe. Nikapitisha, na mshale ukakimbia.

"Haikufa hii. Ilizimwa."

Nikamuuliza na nani. Akasema wakati mwingine mtu anagusa kwa bahati mbaya, hata yeye hutokewa na hayo. Wallahi, mwanangu, hapo nilishusha pumzi. Nikasema ndiyo, bahati mbaya, hata mwanangu hakujua. Nilikuwa nimeshakutetea kabla hajamaliza kusema. Nikanyanyuka niifunge, ndipo nikaona kwenye kioo jina la faili: Barua ya Mama. Fundi akaniuliza kama nataka anisomee. Nikamwambia anifungulie tu, nasoma mwenyewe, mwanangu ndiye aliyenikumbusha kusoma.

Nikasoma kwa kufuata na kidole. Ni mistari mitatu tu: "Mama, shikamoo. Siyo udi. Niliizima mwenyewe, kwa sababu ulitaka niwaonyeshe kazi na mimi sina kazi ya kuonyesha. Chuo niliacha kwenda tangu"

Imeishia hapo. Hakuna nukta, hakuna kitu. Fundi akajifanya anatafuta bisibisi ambayo ilikuwa mkononi mwake. Nikaifunga kwenye khanga, nikarudi mezani kwangu, nikauza mpaka jioni. Nani aliyekuja, nilimwuzia nini, sikumbuki.

Tangu lini, Kidawa? Tangu nilipokuwa natembea na barua ile kwenye mkoba? Tangu nilipoanza kukuamsha asubuhi na chai ya tangawizi ukaoga, ukavaa, ukaondoka, sijui ulikuwa unakwenda kukaa wapi mpaka jioni? Posta? Ufukweni? Ulikuwa unakula nini?

Nimekaa na jambo hili siku kadhaa, nimeligeuza kama andazi. Uongo wa chuo umenichoma, sitasema haujanichoma. Lakini unakotoka naona. Nilikutangaza mtaa mzima, labda nilikutangaza mpaka ukakosa pa kujikwaa. Hilo fungu langu nalibeba.

La udi silielewi. Udi ndio uliokuvika sare za shule. Mkaa uleule ndio uliopikia uji wako. Na ulipotafuta wa kumsingizia mbele za watu, hukusema umeme, hukusema Mama Bhavna kaniletea kibovu. Ulinyoosha kidole kwenye kitu pekee ninachojua kukifanya vizuri hapa duniani. Halafu ukaniacha miezi minne ukiniona nimekaa na chetezo baridi. Na si kuniona tu. Usilolijua ni kwamba nakumbuka usiku na mchana jioni ile uliyonikuta uani nalia, ukakaa kando yangu, ukanishika bega, ukaniambia, "Usijali mama, nimeshakusamehe."

Ulinisamehe, mwanangu. Na mimi nikakushukuru. Nilikubusu mkono.

Hapo ndipo uliponiuza. Kule kwingine kote napita, lakini pale nimekwama.

Hata hivyo nataka ujue nimejifunza. Vitufe viwili navijua, kimoja pembeni chini, kimoja safu ya juu. Nazima, nawasha, nazima, nawasha. Mama Asha amekuja kuniangalia, nikamwonyesha, akasema lo, kumbe usomi ni wa ukoo. Sikumwambia lolote zaidi. Barua yako sijaigusa, ingawa kidole kinaweza sasa. Nimeiacha wazi, kale kamstari kanapepesa baada ya neno "tangu", kanakusubiri.

Sherehe sijaifuta. Khanga za zambarau zimeshakatwa na kupindwa, na mimi siyo mwanamke wa kuwaambia watu rudisheni khanga. Nimewaambia siyo mahafali tena, ni kumkaribisha mwanangu nyumbani, wasiniulize zaidi. Pilau nitapika mimi. Mama Bhavna analeta vitamu vyake, na fundi wangu wa Aggrey nimemwalika, aje ale. Ya chuo tutayamaliza mimi na wewe chumbani, mlango umefungwa, na usiogope, nitakasirika kisha nitakupakulia. Lakini ya udi utayasema sebuleni, mbele ya wanawake wale wale watano, kwa mdomo wako. Laptopu itakuwa juu ya meza ileile, na chetezo kando yake kinafuka. Nimekinunulia mkaa mpya, sijakiwasha bado. Nakusubiri wewe ukiwashe.

Uje na basi la mchana, la usiku silipendi. Ukiwa huna nauli mwambie kondakta mama atalipa ukifika, nitakuwa stendi. Usipokuja, nitawasha mwenyewe, na mimi ndiye nitakayewaambia. Lakini njoo. Wote wanakuja Jumamosi ya kwanza baada ya Idi, alasiri.

Mimi mama yako,
yule yule wa meza ya udi.