Nyumba Namba Saba

Jumatatu, 3 Machi

Kikao cha chama chetu cha historia ya mji. Watu tisa, viti saba, feni moja isiyozunguka. Tumebanana kwenye chumba cha nyuma cha maktaba kama wanafunzi walioadhibiwa. Ajenda moja tu: nyumba namba saba.

Nimewasomea makala yangu yote, kurasa kumi na moja. Wanawake arobaini, madobi, waliokataa kufua mashuka ya mahoteli mpaka waongezewe ujira. Karatasi yao ya wito ninayo. Wino umefifia lakini inasomeka: tukutane namba saba, na jina la mtaa wetu chini yake. Nani atabisha? Hakuna aliyebisha!

Mwenyekiti wetu ni mfamasia mstaafu, anaongea kama anasoma maelezo ya dawa. Akasema kamati ya majengo ya manispaa itatusikiliza Ijumaa ya tarehe kumi na nne. Tukishinda, namba saba inaingia kwenye orodha ya majengo ya kumbukumbu, haiguswi. Tukishindwa, inabomolewa pamoja na jirani zake, panakuwa maegesho ya magari.

Maegesho! Mji huu utapata nafasi ya kila gari na utakosa nafasi ya mtu.

Jumanne, 4 Machi

Nimepita kwa fundi cherehani wa namba saba. Miaka ishirini na sita yumo humo — yeye, mama yake asiyeinuka kitandani, na vyerehani vitano. Sare za shule tatu zinatoka kwenye kile chumba cha mbele. Aliponiona tu: dada, huo mdomo wako ungekuwa cherehani ungeshona mpaka mabati! Nikacheka hadi nikaketi juu ya marinda ya watoto wa watu.

Akauliza kibao cha ukumbusho kitakaa wapi, maana anataka kupaka ukuta rangi mapema. Nikamwambia upande wa kulia wa mlango. Paka tu, mwenzangu, nikasema. Paka.

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya. Mbaya sana.

Amekuja Bwana Futi, mpima ardhi mstaafu, mwenzetu chamani. Jina hilo tulimpa kwa sababu futi haitoki mfukoni mwake hata msibani. Si msemaji. Leo amekataa chai, nikajua kuna jambo.

Akatandaza ramani mezani. Ya idara ya maji, ya mwaka mmoja kabla ya mgomo. Alikuwa anafuatilia mtaro wa zamani, shughuli zake nyingine kabisa. Kila nyumba imeandikwa namba yake. Akaniambia hesabu. Nikahesabu. Namba moja iko upande wa stesheni.

Leo namba moja iko upande wa mahakama.

Nikahesabu tena, kwa kidole, kama mtoto. Mtaa uligeuzwa! Walipojenga mahakama, baada ya mgomo, wakataka iwe namba moja — vichwa vikubwa hivyo! — wakaanza kuhesabu kutoka huku. Nyumba thelathini na tatu. Saba ya madobi ni ishirini na saba ya leo. Na ishirini na saba ya leo ni kituo cha mafuta.

Miaka mitatu naandika juu ya nyumba isiyohusika. Makala mbili gazetini. Niliwahi kuweka kiganja changu kwenye ule ukuta na kutokwa na machozi mbele ya mpiga picha!

Nikamwuliza kama ana hakika. Akanitazama kama nimemtukania mama yake.

Nani mwingine anajua? Mimi na wewe, akasema. Akakunja ramani, akaongeza: sheria ya chama ni yako, shemeji, si yangu.

Kweli ni yangu. Anayeona kosa analisoma mbele ya wote, amesimama, kabla karatasi haijatoka nje ya chama. Niliitunga baada ya mwalimu mmoja mstaafu kuipa picha ya harusi mwaka usio wake. Nilimsimamisha, nikamchambua dakika ishirini. Nilifurahia, nisijidanganye. Hajarudi tena chamani.

Jumapili, 9 Machi

Nimejaribu kuandika barua kwa kamati mara nne. Nimechana mara nne.

Hoja ya kwanza ya kuitetea nyumba: huenda madobi walikutana pia kwenye hii saba. Hakuna ushahidi. Ningeisoma kwa mtu mwingine ningeiita uzushi, na ningemtaja kwa jina.

Hoja ya pili ndiyo inayonichemsha damu. Kwa nini mtu aliye hai ahitaji maiti wa kumdhamini? Mwanamke anashona, anamlisha mama yake, anavalisha nusu ya watoto wa mtaa — hilo halitoshi! Lazima mtu awe aligoma pale kabla yeye hajazaliwa, ndipo nyundo isimame. Huo ni wendawazimu wenye muhuri. Nimeandika kurasa tatu za hasira, nzuri kuliko chochote nilichoandika mwaka huu. Kisha nikaisoma fomu ya kamati. Hakuna kisanduku cha hoja hiyo.

Mume wangu aliniona nimeshika tama. Nikamweleza yote. Akafikiri, akasema: mama, wewe umewahi kugombana na kila mtu mji huu, ilibaki zamu yako mwenyewe. Nikamrushia kitambaa cha meza. Baadaye akauliza kwa upole, sasa unafanyaje? Nikakiokota kitambaa, nikakitandika upya mezani.

Jumatatu, 10 Machi

Kikao cha mwisho. Mwenyekiti akauliza, kama kanuni inavyotaka: kuna mwenye shaka?

Sikusimama.

Bwana Futi aliinamia viatu vyake. Mwenyekiti akagonga muhuri. Wakapiga makofi, wakaniangalia mimi.

Jumatano, 12 Machi

Nilikwenda kumwambia. Naapa nilikwenda kwa ajili hiyo, sentensi nimeiandaa njia nzima: ndugu yangu, nimekosea.

Ukuta umeshapakwa. Rangi ya maziwa, bado unanuka. Upande wa kulia wa mlango ameacha mraba mtupu, ameuzungushia mstari kwa chaki ya kukatia vitambaa, na mafundi wake wanakatazwa kuegemea hapo. Mama yake amegeuziwa kitanda ili aone dirishani siku watu watakapokuja.

Nikaanza: kuhusu hii nyumba. Akanikata. Alisema mama yake ameanza kukumbuka! Eti zamani alisikia kwamba wanawake walikuwa wakikusanyika humu ndani, wakiimba. Bibi kizee akatikisa kichwa pale kitandani, ndiyo, ndiyo, waliimba. Uso umemng'aa.

Hakukumbuka. Ni mimi. Nimewasomea makala yangu mara mbili chumbani humo, na kuimba ni mimi niliyeandika. Sasa nimeingia mpaka kwenye kichwa cha mgonjwa na kupanga fanicha.

Na ile sentensi? Nilimeza. Nikapimwa gauni la Ijumaa bila kuomba. Akasema nisiende mbele ya wakubwa na ile sketi yangu ya maandamano.

Ijumaa, 14 Machi

Manispaa, ghorofa ya pili. Benchi la ukumbini, daftari magotini. Saa tatu na nusu asubuhi.

Gauni limenikaa barabara. Hilo ndilo linaloniumiza.

Karani ametoka kutueleza utaratibu. Hawatasoma makala, hawana muda. Swali la kwanza ni la mtafiti peke yake: unathibitisha kuwa jengo hili ndilo lenyewe? Jibu ndiyo au hapana, linaandikwa. Mengine yanafuata.

Maisha yangu yote nimelilia wakubwa waulize swali lililonyooka. Leo wameuliza!

Bwana Futi amekaa kushoto kwangu, bomba la kadibodi katikati ya magoti. Nimeuliza kwa sauti ya chini kwa nini ameleta ramani. Amesema: sitaitoa. Lakini nikiulizwa, sidanganyi. Nikamwambia hata mimi sidanganyi. Akalirekebisha bomba magotini. Angalau angebisha!

Fundi amefika. Amekuja na wenzake watatu, wamevaa kitambaa cha aina moja, wanacheka, wanasalimia mpaka mlinzi. Ameninyoosha kola. Akaliona lile bomba: na hiyo ni nini, mzee? Ramani ya mtaa, mama. Ya zamani? Ya zamani.

Macho yakamtoka. Akanigeukia: dada, hukuniambia kama mna ramani pia! Kumbe ushahidi umekamilika!

Nikainamia daftari. Bwana Futi naye viatu vyake.

Karani ameita namba ya faili letu. Fundi amelichukua bomba mikononi mwa mzee — nipe nikubebee, baba, umechoka — amelikumbatia kifuani, na anatangulia mlangoni. Naandika nimesimama. Anageuka ananiita kwa mkono. Njoo, dada, njoo, tuwaonyeshe