Kwa Baba Tabitha, Kuhusu Kina Wafula Wawili

Baba Tabitha,

Nianze na mashine ya kuchapia, maana najua ungeiulizia kabla hata ya salamu. Imeuzwa. Walikuja wanaume sita, wakabomoa kipande cha ukuta wa nyuma ndipo ikapita, wakaipeleka kwa mtu anayechapa menyu za mikahawa. Chumba chetu hapa Al Mansoura, Doha, kimegawanywa kwa mbao, na upande wako sasa kuna Mnepali anayeshona sare za walinzi. Mimi niko dirishani na kompyuta mbili. Tumebaki mimi na mudir, bosi wetu, peke yetu, na gazeti lote liko ndani ya simu.

Ulituacha wiki mbili kabla ya toleo la mwisho la karatasi. Tangazo lako la kifo nililipanga mwenyewe. Nilikuwa nalia huku napima nafasi ya picha, na bado nikakusikia ukisema, "Mwikali, picha imeinama." Ilikuwa imeinama kweli. Nikainyoosha, nikarudi kulia.

Mudir bado anatuhubiria Denmaki. Unakumbuka mkutano ule? Alirudi safari yake ya Ulaya, akatumulikia ukutani gazeti moja la udaku la huko, lililokuwa likiuzwa kwa karatasi na sasa watu wanalisoma kwenye simu wakiwa ndani ya treni. Akasema kama Wadenmaki wamehama na udaku wao, sisi wa kuwaandikia watu wa kwetu walio hapa Doha nani kaachwa na nani kule Kayole tunangoja nini. Wewe ulitazama mpaka mwisho, ukauliza swali moja tu: "Na wakikosea, wanasahihisha wapi?" Mudir akacheka, akasema kwenye simu mtu anafuta tu, khalas, yameisha. Ukarudi mezani kwako. Siku hiyo nilidhani umeshindwa hoja, nikakuonea huruma. Nisamehe kwa hilo.

Maana wewe hukuwahi kufuta kitu. Ulikuwa na kona yako ya chini, ukurasa wa tatu, "Tulikosea," na hata siku tangazo la saluni lilipotaka nafasi hiyo ulikataa. Halafu hukuridhika na kuandika tu. Tulipoandika kwamba mke wa yule mpishi Mganda wa mtaa wa Muaither amemtoroka, kumbe mama wa watu alikuwa kwao Jinja likizo, ulinivuta mwezi wa Agosti, jua la kukaanga yai barabarani, gazeti kwapani, twende tukamwombe radhi mlangoni. Alitusema saa nzima. Mimi nilitamani ardhi inimeze, wewe ulikuwa unaitikia tu, "Ni kweli, kaka. Ni kweli." Mwisho akatupikia chai. Njiani ukaniambia kwamba mtu ukimkosea mbele za watu, huwezi kumwomba msamaha uvunguni.

Sasa nikwambie jambo lililonifanya nikuandikie.

Nimekosea, Baba Tabitha. Tena kosa ambalo wewe usingelifanya hata ukiwa na homa.

Alifariki mlinzi mmoja, Wafula, wa kampuni moja ya ulinzi. Zamani ndugu wa marehemu angekuja ofisini na picha mkononi, nawe ungemkalisha, umuulize, "Wafula wa nani?" Ungetaka jina la baba, la kijiji, na la mtu aliyemtahiri kama angelijua, halafu uandike yote kwa penseli nyuma ya picha. Nilikuwa nakucheka. Mimi Mkamba wa watu, nilidhani ni Wabukusu tu mnapenda kuulizana ukoo. Sikujua kwamba kwenu kila mvulana aliyezaliwa wakati wa mvua ni Wafula, na kwamba mvua huko kwenu haina likizo.

Habari ilikuja kwenye kundi la WhatsApp. "Wafula wetu ametutoka." Chini yake mtu akaweka namba. Nikaichukua namba, nikaona picha yake ya WhatsApp, kijana wa sare, kofia, tabasamu. Mudir alikuwa ananiharakisha, watu wasome kwetu kabla hawajasoma kwingine. Nikaipandisha kwa dakika nne. Nilijivunia hizo dakika nne, Mungu anisamehe.

Namba ilikuwa ya Wafula mwingine, aliyechaguliwa kupokea salamu za pole kwa ajili ya mwenzake. Kampuni moja, sare moja. Huyu yuko hai, analinda geti la shamba moja Umm Salal, nje ya Doha. Akiwa zamuni simu yake hukaa kabatini, kwa hiyo saa nane zote za zamu alikuwa amekufa na hana habari.

Zamani kosa letu lingeishia hapa hapa Doha. Gazeti lingegawiwa Ijumaa, siku ya mapumziko huku, nje ya kanisa, na mtu angepiga kelele kabla halijafika mbali. Safari hii lilifika Bungoma kabla mimi sijamaliza chai. Binamu yake akalionyesha kijijini. Majirani wakaja. Viti vya kanisa vikaletwa, moto ukawashwa uani, mama yake akalia mpaka akapoteza sauti. Wafula alipotoka kazini na kupiga simu nyumbani, aliyempokelea upande wa pili alidhani ni mzaha wa mtu mbaya, akamkatia.

Na yule aliyekufa kweli? Watu wake walikaa Muaither wakingoja waombolezaji. Walikuja wachache, maana waliomfahamu walitazama picha wakasema, ah, siye huyu. Yeye nilimnyima hata maombolezo yake. Hili linaniuma kuliko yote.

Mudir alifuta. Kufumba na kufumbua, ukurasa ukawa safi. Nikasema tuweke "Tulikosea." Akaniambia, "Mwikali, wacha drama. Tumetoa, nani ataona? Ukiandika ndio unawaambia hata wale hawakujua." Akaongeza kwamba huko Denmaki hakuna mtu anapoteza wakati na mambo hayo. Mimi Kidenmaki sikijui, sikuweza kumbishia. Nikamwambia tu kwamba mama yake Wafula hayuko Denmaki, yuko Bungoma, na viti bado viko uani kwake.

Ijumaa nikapanda basi hadi Umm Salal. Peke yangu, bila gazeti la kubeba kwapani, nikajiona kama mtu anayeenda kuomba radhi mikono mitupu. Wafula alikuwa amekaa kivulini nje ya kibanda chake, amemaliza zamu. Nilijitambulisha. Nilisema kila kitu, pamoja na zile dakika nne. Nilitaka anitukane kama yule mpishi, ili nipate mahali pa kuanzia. Hakunitukana. Alisema, "Sista, mimi si mtu wa maneno. Ongea na mathe," akapiga simu, akanipa.

Yule mama alikuwa bado na sauti ya mikwaruzo. Nilianza na pole, akanikatiza. "Sitaki pole. Mlimwandika amekufa. Mwandikeni yuko hai. Mahali pale pale." Akanieleza kwamba wapo majirani wanaoamini familia inaficha maiti kwa sababu ya aibu, wengine wanasema huyo anayepiga simu si Wafula. Mwanawe amewahakikishia kwa mdomo, lakini kifo kilikuja kwa maandishi. Nikamwambia, "Nimesikia, mama. Nitaandika."

Nilirudi nikaandika kabla sijavua viatu. Sikupamba. Nilitaja kosa, nikaweka picha zote mbili, huyu yuko hai na analinda Umm Salal, huyu ndiye tuliyempoteza, mwana wa nani, wa kijiji gani, na chini nikaweka jina langu lote, siyo "Mhariri." Halafu nikamwekea mudir kompyuta mbele. Nikamwambia iende juu kabisa, pale tangazo lilipokuwa, ikae siku tatu. Akasema siku moja, tena chini. Nikasema basi atafute mtu mwingine wa kukaa dirishani, na kibali changu cha kazi anajua kilipo, akifute. Unajua ninavyomsomesha mdogo wangu, unajua kurudi nyumbani sasa maana yake ni nini. Lakini nilikuwa nimeshasema, na sikutaka kuyarudisha maneno yangu.

Aliisoma yote, akarudia. Mwisho akauliza, "Huyu wa pili, una uhakika ni mwana wa nani?" Nikamwonyesha. Nilikuwa nimewapigia watu wake Muaither mara tatu na kuandika yote kwa penseli. Akaipandisha mwenyewe, juu kabisa.

Tulitukanwa sana. Kuna mtu kaandika sisi ni gazeti la kuua watu. Wapo walioacha kutusoma, na mudir hunisalimia sasa kwa nusu mdomo. Jumapili ya pili wakaja watu Muaither kumwombea yule marehemu, wengi, wakakaa hadi ngazini. Nilikaa nyuma. Hakuna aliyeniambia asante, wala sikuwa nimeifuata.

Jana Wafula akanitumia ujumbe mfupi. Mama yake alizunguka na simu nyumba kwa nyumba, akiwasomea wanaojua kusoma na wasiojua. Halafu wakarudisha viti kanisani.

Nimeusoma ujumbe huo nikatamani kukuita uje uone, nikakumbuka.

Baba Tabitha, wewe pumzika. Huku karatasi haitarudi, na mimi sitaililia tena, nina kazi. Nitakosea tena, kwa sababu simu inakimbia na mimi ni mtu. Lakini nakuahidi hivi: kila nitakayemkosea hapa nitampigia hodi mwenyewe, na jina langu litakaa chini ya kosa langu mpaka aseme limetosha. Mudir akinifukuza kwa hilo, nitaenda kulifanya mahali pengine.

Mwanafunzi wako,
Mwikali