Nilifunga dirisha jeusi la kompyuta, sasa Papa anadhani ni serikali

Mpendwa Mama Léocadie,

Nakusalimu kwa heshima na naomba unishike mkono, maana nyumbani jambo limekuwa kubwa na anayejua ukweli ni mimi peke yangu. Mimi ni msichana wa Kasenga, nimemaliza masomo mwaka huu katika section ya informatique, yaani masomo ya kompyuta, na sauti yangu ni ndogo, hata darasani mwalimu alikuwa ananiambia rudia, rudia, kwa hiyo nimeona heri niandike.

Tuna kompyuta moja ya nyumba nzima. Papa, jina lake Thaddée, ni kiongozi wa kwaya na humo ndimo anamoandika nyimbo anazotunga, na kaka yangu mkubwa Merdi ni motari, anabeba abiria kwa pikipiki, akirudi jioni hupenda kujaribu kila anachoona kwenye video, na siku moja aliona mtu anayesema ukifungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, ukaandika mstari fulani, mashini itakimbia kama pikipiki mpya, basi akaandika, na mashini haikukimbia, ila nyimbo zote za Papa zilifutika. Papa alikaa mbele ya skrini kama mtu aliyefiwa. Bahati nzuri nilikuwa na nakala kwenye flashi, nikazirudisha zote, na Papa akaniambia, "Weye ndiye umesoma. Fanya hii kitu isirudie tena."

Nami nikafanya, Mama, na nilifanya vizuri, hilo sioni haya kulisema. Nilimpa kila mtu mlango wake wa kuingilia na neno lake la siri, nikawaweka Papa na Merdi kuwa watumiaji wa kawaida wanaoweza kuandika, kusikiliza na kuchapisha, uwezo wa kubadilisha mambo ya ndani ya mashini nikaubakiza kwangu, halafu nikalifunga lile dirisha jeusi kwa kila mtu isipokuwa mimi. Ila sikumwambia mtu. Nilitaka kusema wakati wa kula, lakini Papa alikuwa anasimulia habari za kwaya, na kesho yake nikasema nitasema kesho.

Juma lililopita Merdi alijaribu tena kulifungua, yakatokea maandishi ya Kifaransa kwamba dirisha hilo limezuiwa "par votre administrateur", yaani na administrateur wenu. Ndivyo kompyuta inavyomwita mtu mwenye funguo zake, hata akiwa mtoto wa nyumba. Lakini Merdi alimwita Papa, Papa akavaa miwani, akasoma kwa sauti, akafika kwenye neno lile akavua miwani, maana kwa Papa administrateur ni mmoja tu, yule mkuu wa territoire, wilaya yetu, mwenye ofisi na bendera.

"Merdi," akasema polepole, "umeandika nini mu hii mashini mpaka administrateur akatujua?"

Merdi akaapa kwamba hakuandika kitu. Papa akachomoa waya, akaifunga kompyuta ndani ya kitenge cha mama yetu, akaisukuma chini ya kitanda. Nami nilikuwa nimesimama palepale, mdomo wangu ukagoma.

Sasa kwaya inasubiri wimbo wa sikukuu ya parokia, na wimbo uko chini ya kitanda. Papa ameamua kwamba koti lake likitoka kwa mshonaji atabeba kompyuta aende ofisini kuomba msamaha, na jogoo wa kupeleka amekwisha kumchagua, amefungwa kamba mguuni nyuma ya jikoni. Merdi ameambiwa ataenda Bwegera kwa mjomba kulima mpunga mpaka mambo yapoe, na Merdi huyu anayejiita bingwa wa barabara ya Luvungi siku hizi anaosha pikipiki yake bila kuimba. Nikisema, Papa ataona kwamba binti amejifanya mkubwa juu ya baba yake na kaka yake. Nikilifungua dirisha kimyakimya, Papa atasema serikali imetusamehe, na Merdi atafuta nyimbo tena. Nifanye nini, Mama? Usinitaje jina. Papa hasomi ukurasa huu, anasema ni wa wanawake.

Msichana wa sauti ndogo, Kasenga

*

Mama Léocadie anajibu:

Mwanangu, nimecheka mpaka nikafuta machozi, kisha nikamfikiria kaka yako na kicheko kikaisha. Mtu yuko karibu kuhamishwa nyumbani kwa jambo ambalo hakulifanya, na wewe unajua.

Kazi yako ilikuwa sawa. Nimemwuliza Déborah, anayetunza mashini zetu hapa gazetini, akaniambia na hapa kwetu amefanya vilevile. Kumbe hata mimi nimefungiwa na sijafa. Ila anauliza kama umelikumbuka dirisha la bluu, ndugu wa lile jeusi, ambalo nalo linapokea amri. Merdi akikosa mlango wa mbele atauona wa nyuma. Lifunge pia.

Ulipokosea ni kunyamaza. Mama akifunga mlango usiku huwaambia watu wa nyumba, nimefunga. Asiposema, anayerudi atagonga na kudhani amefukuzwa. Wewe umefunga, umelala na ufunguo, na baba yako yuko nje anapanga jinsi ya kuililia serikali. Na hiyo hofu ya kujifanya mkubwa iache. Papa mwenyewe alikutuma. Aliyetumwa hurudisha jibu kwa aliyemtuma, na jibu bado unalo mfukoni.

Kwa hiyo leo, Papa akiisha kula, mwombe radhi Merdi kwanza, mbele ya baba yenu. Kisha itoe kompyuta chini ya kitanda na uiwashe. Ingia kwa mlango wako, dirisha jeusi lifunguke walione. Ingia kwa mlango wa Merdi, yatokee yale maandishi, waone kwa macho yao kwamba funguo haziko ofisini. Halafu mpe Papa neno la siri la administrateur, aliweke anapoweka vitu vyake. Pengine hatalitumia hata mara moja, lakini siku ukiugua au ukienda kusoma Bukavu, nyumba isibaki imefungwa. Na Merdi akitaka kujifunza amri hizo, ajifunze ukiwa umekaa pembeni yake na nakala ya nyimbo iko kwenye flashi. Huyo ukimfungia tu bila kumfundisha, ataleta fundi wa mtaani.

Tena usitegemee kwamba Papa hasomi ukurasa huu. Wababa wote husema hivyo, na mimi ndiye ninayepokea barua zao. Sema kabla hajafika kwenye mstari huu, na kabla koti halijatoka kwa mshonaji.

Sauti ndogo inatosha, nyumba yenu si uwanja wa mpira. Maneno ni manne tu: "Papa, administrateur ni miye." Ukishayasema, nenda nyuma ya jikoni umfungue jogoo kamba.