Foto ya Seli kwa Ukuta

Ngungu, tarehe 9 ya mwezi wa tatu

Mutoto wangu Gentille,

Huku mvua inanyesha vizuri, maharagi imeanza kutoa maua. Ile foto ulitutumia, ya seli inameza virusi, uliyopiga kazini kwa mashini kubwa ya kuona virusi, Papa Esdras wa kanisa alituchapishia. Niliibandika kwa ukuta, karibu na kalendari. Unakumbuka vile ulinielezea: virusi ya Mpox haivunji mulango wa seli. Seli yenyewe njo inanyoosha midomo, inaimeza, inaifikisha ndani. Nilicheka, nikasema hiyo seli iko na roho muzuri sana.

Mwezi uliopita Guy, mutoto wa dada yangu, alitoka kuchimba madini kule Rubaya, akaja kulala kwangu. Alikuwa na homa na vipele kwa mikono. Unajua kwetu mugeni halali peke yake kama muntu asiye na jamaa. Nilimulalisha na Umwali, mutoto wako uliyeniachia, blanketi moja. Wakakula kwa sahani moja.

Guy alipona.

Umwali tulimuzika juma iliyopita, karibu na babu yake. Sikuweza kukuambia kwa simu. Alikuwa anauliza kama mama yake anaweza kuona vipele vyake kwa ile mashini. Nilimujibu ndiyo.

Foto ingali kwa ukuta. Watu wakiniuliza ni nini, ninawaambia ni nyumba yangu.

Mama yako, asiyejua tena namna ya kukusalimia,
Emérita