Shuka la Baba Mkwe Jikoni

Dada Mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijaunguza chuo cha watu.

Mimi ni binti wa miaka thelathini na moja, sioni tangu utotoni, na barua hii naisema kwa mdomo, anayeandika ni rafiki yangu Winfrida, kwa hiyo ukikuta maneno makali ujue mengine ni yake. Nasoma hapa Tukuyu kwenye chuo cha wananchi, darasa la watu wazima wenye ulemavu, tunafundishwa mapishi na stadi za maisha, kutumia simu, kuvuka barabara, na kumkatalia mtu anayekushika mkono bila kuombwa. Jikoni tunafanya kazi wawili wawili, na mimi nilipangwa na mzee mmoja aliyekatwa mguu kwa kisukari, mcheshi huyo, anasema mguu wake umetangulia kaburini kumshikia nafasi. Yeye anakaa kwenye stuli anamenya ndizi na kuniangalizia mafuta, mimi nasimama nakaanga, yeye macho mimi miguu, na tulishakubaliana tukimaliza tufungue kibanda cha chakula pale Igogwe kwa ajili ya watu wanaouguza ndugu zao hospitali, maana chuo kinatoa jiko la gesi na masufuria kwa kila wawili wanaohitimu pamoja.

Sasa mzee huyu huletwa darasani na mwanawe Enosi kwa bodaboda, na ni mzee mwenyewe aliyemwambia ingia uonje ndizi za mwenzangu, akaonja, kesho yake akarudi kuonja, mwisho akaleta posa kwetu Lufingo, nami nikakubali kwa sababu nampenda, sina la kuficha. Dada, siku posa ilipopokelewa ndiyo siku niliyompoteza mwenzangu. Wewe ni wa huku, unajua sisi Wanyakyusa na baba mkwe: usionane naye, usiongee naye, jina lake usilitaje. Jina lake ni Jairo, lakini hilo ameliandika Winfrida, mimi sijatamka kitu.

Shangazi yake Enosi, Mama Atupele, alikuja chuoni akamwambia mwalimu wetu Medard kwamba ni aibu mtu na baba mkwe wake kuinamia sufuria moja. Mwalimu Medard kwao ni Bukoba, hataki ugomvi na wenyeji, akatundika shuka katikati ya jiko. Shuka, Dada! Kwa mtu asiyeona! Kama ni kutomwona baba mkwe, mimi nilianza zamani kuliko wake za watu wote wa Rungwe.

Tangu hapo mzee kimya. Naunguza ndizi, hakuna wa kuniambia zimeiva, namsikia anakohoa upande wa pili, nalia, nasingizia vitunguu. Juzi juzi ncha ya shuka ikashika moto, mimi nasikia harufu nikadhani ni mapishi yangu kama kawaida, mara mzee akaanza kugonga sufuria kwa gongo lake na kupiga kelele, "Kabati! We kabati! Rudi nyuma, shuka linawaka!" Kabati liko ukutani, halijawahi kwenda popote, nikaelewa ni mimi ninayeambiwa, nikaruka. Mwalimu akazima kwa maji ya kuoshea vyombo. Kesho yake likatundikwa shuka jingine.

Shangazi sasa anasema nichague, niache darasa au niache ndoa. Enosi nikimuuliza anasema, "Mtakavyoamua." Nifanye nini, Dada? Enosi nampenda, lakini bila mzee sina macho ya jikoni, na kusema kweli nimemkumbuka yeye mwenyewe, na utani wake.

Ni mimi,
Mchumba wa Nyuma ya Shuka, Lufingo

*

Mchumba wa Nyuma ya Shuka, marahaba.

Nimecheka mpaka mhariri amekuja kuuliza kama niko salama, halafu nikafika pale pa vitunguu nikatafuta leso. Pole sana, mdogo wangu.

Mwambie mwalimu Medard, kwa heshima zote, kwamba shuka ni la kitandani. Limetundikwa ili kumficha mtu asiyeona, likaishia kumziba macho mtu anayeona, na zaidi ya hapo kazi yake imekuwa kushika moto. La pili linasubiri zamu yake.

Mimi kwetu Ikuti, sitaitukana desturi yetu. Mama yangu aliwahi kujibanza ndani ya migomba, mvua inampiga, mpaka baba mkwe wake amalize kusalimiana na nusu ya kijiji njiani, na alikuwa akituhadithia kwa fahari, maana yule mzee alimheshimu kweli. Lakini nakuuliza, heshima hii ni ya nani? Ni ya mzee Jairo, si ya shangazi. Anayeheshimiwa ndiye wa kusema imetosha. Na wewe umemsikiliza shangazi, umemsikiliza mwalimu, umemuuliza mchumba, umeniuliza mimi niliye gazetini, mzee mwenyewe hajaulizwa na mtu! Hapo nakugombeza. Umefundishwa kumkatalia mtu anayekushika mkono bila kuombwa, na shangazi amekushika huo mkono, unamfuata tu.

Huyo Enosi wako naye, "mtakavyoamua" ni jibu la abiria, na yeye ni dereva. Mpe kazi. Jumapili wakitoka kanisani awakalishe baba yake na shangazi yake, aseme kwa mdomo wake mwenyewe kwamba mchumba wake atamaliza darasa na kwamba baba atafanya kazi na nani ni baba atakayesema. Akishindwa hilo, ndoa isubiri. Darasa halisubiri mtu. Na wakati ndoa inasubiri utajua kama kijana anakupenda wewe au ndizi zako.

Darasa usiache, nasema usiache, hata shangazi aje na ukoo mzima. Wanaume wa kuoa wapo mpaka wanakera, lakini mtu wa kukuangalizia mafuta bila kukuonea huruma, wewe unaye mmoja, na amekaa kwenye stuli.

Halafu fikiria kidogo. Mzee alitaka kushika desturi na alitaka usiungue, vyote kwa pamoja, akaona bora aonekane mwehu anayegombana na kabati. Mtu aliyekuchoka hafanyi hivyo. Yeye njia ameshaipata, wewe ndiye hujamjibu. Kesho ukifika jikoni simama hapo hapo nyuma ya shuka, geukia kabati, sema kwa sauti: "Kabati, nisalimie mzee. Mwambie kwamba mwanawe nimemkubali, lakini kibanda cha Igogwe nafungua na yeye mzee. Anasemaje?"

Kisha bandika mafuta, unyamaze, usubiri. Kabati likikuambia yameshapata moto, tumbukiza ndizi.