Ile Sehemu ya Bati

Dirma, Hanang
Jumapili mchana

Dada Fides,

Shikamoo. Nakusalimu wewe, shemeji na watoto. Mguu wa mama umepungua kuvimba? Na korosho zilianikwa zikakauka safari hii, au mvua iliwawahi tena? Huku mwili wangu ni mzima, mvua inanyesha, ng'ombe wa watu wamenenepa. Lakini usiishie hapo ukadhani ndiyo habari yote.

Wiki iliyopita uliniandikia kwenye simu nikutajie sehemu tatu za tamthilia yetu ya "Nyumba ya Kona" ambazo watu wanazidharau bila haki. Najua ulitaka tubishane kama zamani. Halafu mwishoni ukauliza kwa nini wifi yako hapokei simu zako. Nilianza kukujibu mara nne nikafuta. Sasa nakujibu yote mawili kwa barua, maana jibu lake ni moja.

Ya kwanza ni ya kumi na mbili, shangazi anapokaa stendi kutwa nzima kumsubiri mgeni asiyekuja. Watu walilalamika kwamba wamepotezewa muda. Mimi nasema hakuna aliyewahi kuigiza kusubiri kama yule mama: kila basi likiingia anajitengeneza kanga, likiondoka anakaa tena. Ya pili ni ile ya kesi ya punda. Wewe huitaki kwa sababu ni ya vichekesho. Hebu wasikilize tena wale majirani wanavyotukanana. Kila tusi lina kisa chake cha kweli nyuma, na ukimaliza kucheka umeshaujua mtaa mzima ulivyoishi. Hapo sikukubalii hata kidogo.

Ya tatu ni ya thelathini na moja. Najua umeguna. Ndiyo ile tuliyoibatiza sehemu ya bati: mimba ya Rehema imetoka, na mumewe Bakari anashinda juu ya paa anagonga misumari. Hakuna ugomvi, hakuna hata muziki. Wewe ulisema walikosa mwandishi wakaajiri fundi, nikacheka, nikaondoka katikati kwenda kunywa chai. Wifi yako Paskalina peke yake alishikilia kwamba ni bora kuliko zote. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu, "Kaa mpaka mwisho, utaona." Sikuwahi kukaa.

Dada, kuna jambo hatukuwaambia. Paskalina alikuwa na mimba ya miezi mitano. Tulipanga tuje kuwaambia wenyewe likizo ya Desemba. Mwezi wa kumi ikatoka, yeye akiwa Tlawi kwenye nyumba ya walimu ya shule anayofundisha, mimi nikiwa huku Dirma. Mwalimu mwenzake ndiye aliyempeleka hospitali. Mimi nilifika kesho yake.

Nilikaa siku mbili. Nilipasua kuni. Nilitafuta maziwa na asali. Nilibadilisha bawaba za mlango wa jiko. Jumapili mchana marudio ya tamthilia yakaanza, naye alikuwa amejilaza kwenye kochi na blanketi, akaniita.

"Stani, njoo tuangalie. Ni ile ya bati."

"Ile haina kitu," nikamwambia. "Acha nimalizie mlango, baridi inaingia."

Hakuniita tena. Jumatatu nikarudi Dirma kwa sababu ya chanjo ya ng'ombe. Ningeweza kumwomba mwenzangu anishikie kazi, sikuomba. Wiki tatu nilikuwa nampigia simu: umekula? Umekunywa dawa? Ananijibu ndiyo, ndiyo. Mtoto sikumtaja hata siku moja. Niliogopa nitamliza.

Shule zilipofungwa akaenda kwao Tumati. Akaniandikia, "Nipo nyumbani. Usije kwanza." Nikasema moyoni, anapumzika.

Sasa siku moja kabla ya Krismasi nilikuwa kwenye josho la kuogeshea ng'ombe dawa, korongo limejaa maji, wafugaji wamekwama ng'ambo na mifugo yao. Aliyekuwa amefika ni mzee mmoja tu, Mzee Gidamis, na ng'ombe wake sita. Nikakaa kwenye ukuta wa josho, nikatoa simu, nikaitafuta ile sehemu. Niliiangalia yote.

Rehema anapika, anaweka sahani mbili. Anaita. Bakari anajibu, "Nakuja," nyundo inaendelea. Anaita mara ya pili, ya tatu. Ugali unapoa. Mwishoni anachukua sahani moja, anaifuta ingawa ni safi, anairudisha kabatini, anakaa kula peke yake. Nyundo bado inagonga. Inaisha hapo.

Sikujua kama nalia mpaka yule mzee aliponisogelea.

"Daktari, umefiwa?"

"Ndiyo," nikasema.

"Na nani?"

"Na mtoto wangu."

"Lini?"

"Mwezi wa kumi."

Akanitazama sana. "Na mama yake umemwacha wapi?"

Kesho yake nilipanda basi la kwenda Tumati.

Baba mkwe alinipokea vizuri. Nilimwamkia, akaniitikia, akanionyesha kiti, akatoka nje bila kuniuliza kitu. Paskalina alileta chai, akakaa. Amekonda, dada.

"Nimeiangalia ile sehemu," nikamwambia. "Mpaka mwisho."

"Umekuja kuniambia habari za Rehema?"

"Hapana. Nimekuja kwa ajili ya mtoto wetu. Nilikuwa nimempa jina, sikukuambia. Nilimwita Teodora."

Aliweka kikombe chini. Alilia kwa muda mrefu, na safari hii nilikaa.

"Stani," akasema, "mimi nilikaa pale hospitali natafuta jina peke yangu. Kumbe wewe unalo mfukoni."

Nilimwomba msamaha. Akasema amenisamehe, na naamini amenisamehe kweli. Lakini ameomba uhamisho wa shule ya karibu na kwao, na kwangu harudi. Hakupandisha sauti. "Nilikuita nikiwa bado nakuhitaji," akaniambia. "Sasa nimeshazoea." Alinisindikiza mpaka barabarani, akasubiri basi pamoja nami, akaniambia nisafiri salama.

Kwa hiyo hapokei simu zako si kwa ubaya. Usimtume mtu kumshawishi, tafadhali. Aliniomba hivyo, na hilo moja nataka kumtimizia.

Nisalimie shemeji. Wasalimie wapwa zangu wote wawili, yule mkubwa aache kumpiga mdogo wake. Msalimie mjomba Gaudensi. Mwambie zile mbegu za vitunguu alizoagiza nitampatia mtu wa kumletea.

Mama naomba umwambie wewe, mimi sitaweza kwa simu. Mwambie ndoa imeisha. Mwambie pia alikuwa na mjukuu wa kike, akaitwa jina lake. Zima tivii, kaa naye karibu. Akianza kulia usiinuke kwenda kuchemsha chai wala kuosha vyombo. Kaa hapo hapo mpaka amalize.

Ni mimi mdogo wako,
Stanslausi