Jumamosi Zangu Katika Chumba cha Kufulia

Jumamosi, 15 Novemba

Tumeshinda tena. Naandika "tumeshinda" lakini mimi sikuona hata mpira mmoja. Nilikuwa huku chumba cha kufulia, kwenye stuli, katikati ya mashine ya kufua na ya kukausha, Maisie kifuani. Kwa muda wa saa tatu na nusu! Mchezo wote nausikia ukutani tu. Baba mkwe ananguruma, Mjomba Hoyt anapiga meza.

Kosa ni langu. Mwezi wa tisa Cahaba, timu yetu ya chuo ya mpira wa Kimarekani, walikuwa wamepoteza michezo miwili ya kwanza, na ule wa tatu tulikuwa nyuma kwa pointi kumi na saba. Maisie akaanza kulia. Nikaja kumnyonyeshea huku, kuna utulivu. Kumbe Cahaba wakafunga mara tatu, wakashinda. Baba mkwe akaniita: Lacey, binti yangu, ulikuwa wapi muda wote huu? Nikasema kweli. Si ningesema nilikuwa chooni!

Basi tangu siku ile, mpira ukianza mimi sina ruhusa ya kutoka huku. Na Maisie lazima avae fulana ileile ya zambarau aliyokuwa nayo, na haifuliwi. Ukiifua umefua bahati. Mama Darlene, mama mkwe wangu, anaiweka kwenye mfuko wa plastiki juu ya friji. Inanuka maziwa yaliyochacha. Mashine hii hapa, naigusa kwa goti, na siruhusiwi kuiwasha.

Huu ni ushindi wa nane mfululizo. Mama Darlene kanipitishia sahani ya mabawa ya kuku mlangoni. "Mungu akubariki mwanangu, unatubeba." Akafunga mlango. Polepole, kwa upendo. Lakini akafunga.

Jumanne, 18 Novemba

Nimeona nyumba! Ya Bi. Odom, yule mjane anayeshona mapazia. Vyumba viwili, kibaraza, dirisha la jikoni linatazama mti wa pekani. Nilimsimamisha Maisie pale kwenye sinki, jua likampiga usoni, akapiga chafya. Nikajua ni yetu.

Mwaka mzima tunalala kwenye chumba cha utotoni cha Trey, chini ya mabango ya wachezaji. Mume wangu ana miaka ishirini na nne na bado mama yake anamkunjia soksi.

Jioni nikamwambia. Akafurahi, kweli akafurahi, akanibeba juu. Halafu akaniweka chini. Sasa? Katikati ya msimu? Akasema tusubiri Cahaba watolewe. Wakimaliza, siku ya pili yake tunahama.

Na wasipotolewa? Wakiingia mtoano, msimu unakwenda hadi mwezi wa kwanza!

Akajikuna shingo.

Alhamisi, 27 Novemba – Sikukuu ya Shukrani

Bata mzinga alikuwa mkavu, ubishi ulikuwa motomoto. Timu kumi na mbili ndizo zinaingia mtoano. Wanasema kumi na moja zinajulikana, imebaki nafasi moja. Ni sisi au Dunmore, chuo kimoja cha kule kaskazini. Sisi tumepoteza miwili, wao mmoja tu.

Mjomba Hoyt, mdomo umejaa: Dunmore wamecheza na nani? Chekechea? Wamepiga watoto wa watu wakawanyang'anya na maziwa!

Trey akasema kupoteza mmoja ni kupoteza mmoja, mjomba.

Baba mkwe akaweka uma. "Wewe kijana, nani kakulea? Ile miwili ya kwanza tulicheza bila mrushaji wetu mkuu wa mpira, kifundo chake kimevimba kama tikiti. Mtu mpime alivyo leo, si alivyokuwa mwezi wa tisa."

Sijui nini kilinipata. Nikasema, "Lakini baba, Dunmore hawakujipangia ratiba. Wamepangiwa hao, wakawashinda hao. Mtu utamwadhibu kwa alichopangiwa?"

Baba mkwe akaninyoshea kidole.

"Darlene," baba mkwe akasema, "huyu mtoto umempa nini anywe?"

Wakacheka wote. Nami nikacheka. Mama Darlene akanifinya bega, akaninong'oneza: Usiwe unasema hivyo karibu na fulana.

Jumamosi, 29 Novemba

Leo ilikuwa mechi na Tombigbee, mahasimu wetu. Fulana haimtoshi tena Maisie. Ana miezi saba! Nimeipitisha kichwani kwa shida, akalia hadi akawa mwekundu. Kola inambana. Nikamwambia Mama Darlene. Akaleta mkasi... nikadhani amesalimu amri, ataikata kola. La. Akakata uzi mmoja tu wa pindo, akaurudisha mkasi mfukoni.

Dakika za mwisho tulikuwa nyuma. Nikamwomba Mungu. Niliomba nini? Sijui! Nilianza kuomba tushindwe, ili tuhame. Halafu nikasikia sauti ya baba mkwe imevunjika kama ya mtu aliyefiwa, nikaona aibu. Kisha vifijo, nyumba ikatikisika. Na mimi – nimeruka! Nimeruka na mtoto mkononi, nikapiga kichwa kwenye rafu ya sabuni.

Ushindi wa kumi. Nimekaa nikalia kidogo. Kichwa, labda.

Jumatano, 3 Desemba

Orodha ya timu za mtoano iliyotoka jana: Dunmore wa kumi na mbili, sisi wa kumi na tatu. Ya mwisho itasomwa Jumapili kwenye televisheni. Mjomba Hoyt amepiga simu kwenye kipindi cha redio. Tulikaa wote jikoni kumsikiliza, naye yuko kibarazani na simu yake. Mtangazaji akamwambia, "Bwana Hoyt, una sekunde thelathini." Akatumia zote kumtukana kocha wa Dunmore. Baba mkwe akasema huyo ndiye wakili wetu, tumekwisha.

Shingo ya Maisie imetoka vipele palepale kola inapopita. Nimempaka mafuta.

Bi. Odom amepiga simu pia. Ana mtu mwingine anayeitaka nyumba. Atatungoja sisi hadi Jumapili saa sita mchana, zaidi ya hapo hawezi. "Wewe nakupenda, binti, lakini kungoja nimechoka."

Nikamweleza Trey kitandani. Tukiingia je?

"Tukiingia, mpenzi, tunasubiri."

"Bi. Odom hasubiri."

"Nitamwambia nini baba, Lacey? Kwamba nimehama na bahati yake yote nimeibeba kwenye gari?"

Alidhani nitacheka. Zamani ningecheka.

Jumapili, 7 Desemba

Naandika juu ya mashine ya kukausha. Saa tano asubuhi. Mchungaji alikatiza mahubiri leo, akasema hata Bwana anajua orodha inasomwa saa ngapi. Tukakimbia nyumbani.

Nikasema: baba, leo hakuna mchezo, wanasoma majina tu. Naomba nikae nanyi. Akanitazama kwa huruma, kweli, macho yana machozi. "Binti yangu, leo kuliko siku zote." Trey akatazama zulia. Mama Darlene akaja na mfuko wa plastiki.

Basi niko huku. Wanasoma kutoka juu. Wamefika jina la saba. Mjomba Hoyt anasema wezi, wezi, wezi.

Maisie analia. Vipele vimepasuka, kuna tone la damu kwenye kola.

La tisa.

Nimemvua fulana. Imegoma kichwani, nikavuta, ikatoka. Amenyamaza papo hapo. Amekaa kwenye kapu la nguo, kifua wazi, ananichekea kwa jino lake moja.

Nimempigia Bi. Odom. Nimesema, "Tunaichukua." Akauliza, na mumeo? Nikasema atakuja kuangalia dirisha la jikoni.

La kumi na moja. Tangazo la biashara! Sebuleni mtu amerusha kitu.

Nimeitia fulana kwenye mashine. Peke yake. Nimemimina sabuni. Nimebonyeza.

Maji yanaingia. Mashine hii ni ya zamani, ikijaza maji mabomba yote ya nyumba yanapiga mluzi. Sebuleni wamenyamaza. Sijui wananyamazia jina la kumi na mbili au wananyamazia mluzi.

Baba mkwe: "Darlene. Hiyo ni nini?"

Nyayo. Si za mama. Za Trey, nazijua, anaburuta kisigino. Amefika mlangoni. Kivuli cha miguu yake nakiona hapo chini. Hafungui. Nyuma yake huko kumelipuka kelele – za furaha? za msiba? – na bado kivuli hakijageuka kwenda kutazama.

Nimemwambia, Trey, ingia, njoo umwone mwanao anavyocheka. Kitasa kinaanza kuzunguka, naweka kalamu.